Farasi Aliyeitwa Shufaa

Johannesburg
Agosti 2018

Mke wangu Shufaa,

Baridi ya huku inauma, lakini sweta uliyonifumia haijanitoka mwilini. Mdogo wangu Naseeb kanipigia simu kutoka huko nyumbani, anasema umenuna kwa sababu nimempa mnyama jina lako. Nuna, ila nisikilize kwanza.

Mzee Lategan, ninayemtunzia farasi wa mashindano, ana banda dogo, na farasi wake ni wale waliokataliwa na mabanda makubwa. Alipoletwa jike mmoja mwekundu asiye na jina, Mzee akaniambia nichague. Nikachagua lako. Tangu hapo, kila akishindana, mtangazaji analitaja kwenye spika uwanja mzima usikie, na mimi nimeshika kamba tupu, nacheka peke yangu.

Hajashinda hata mara moja. Mzee mwenyewe, miaka yote niliyokaa naye, ameshinda mara mbili tu, tena siku za mvua, wengine walipoteleza. Huniambia, "Eish, Bakiri, huyu Shufaa wako anakimbia utadhani anakwenda arusini." Hapo ndipo nakukumbuka zaidi, na ule mwendo wako.

Mwezi uliopita alimaliza wa mwisho tena. Mzee akampapasa shingo, kisha akaniambia anafunga banda. Shufaa amepelekwa shamba moja, ambako watoto wanajifunza kupanda farasi. Mimi bado natafuta pa kwenda. Usihangaike, kula nakula.

Jana nilikwenda uwanjani, nikasimama mpaka mbio za mwisho. Jina lako halikutajwa. Itabidi nije nipige hodi, nikuite mwenyewe.

Mumeo,
Bakiri