Rekodi Zilizokataa Kuhama

Kitui, 9 Machi 2025

Dada yangu Mbula,

Habari za Mbumbuni? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu tumzike shemeji Nthiwa mwezi wa kwanza, simu yako haiingii. Jirani yangu Kiema anakuja soko huko, nimempa barua hii.

Unajua sisi tunaotunza databesi, zile kompyuta zinazoshika habari za watu, hukutana kila mwaka kufundishana. Ni kujitolea tu. Mwaka huu mimi ndiye ninaandaa, Makindu, tarehe ishirini na tisa. Mimi pia nitasimama nieleze vile nilihamisha rekodi za wagonjwa wa kliniki tisa, hata hiyo yenu, kutoka mfumo wa zamani hadi mpya. Wewe uliacha shule kidato cha pili ndio mimi nisome. Njoo uone kilichotoka.

Mdogo wako,
Syokau

*

Mbumbuni, 17 Machi 2025

Syokau mpenzi,

Salamu katika jina la Yesu. Mgongo ni ule ule. Nitakuja, nikae huko nyuma hata kama sitaelewa.

Simu nilizima kwa sababu kila mtu anauliza Nthiwa aliuawa na nini. Wewe nikuambie. Miaka ile alidungwa sindano akavimba uso, kliniki wakasema hiyo dawa asipewe tena maisha yake, na wameiandika kwa kompyuta. Sasa Januari, kifua kimembana, nikamwambia nesi, "Kuna dawa inamkataa."

"Gani?"

Sikujua jina. Akaangalia kompyuta. "Mama, huyu hata hayuko hapa. Wacha nimwandikishe upya." Akamdunga. Dakika kumi hazikuisha.

Miaka thelathini na nne ya ndoa, Syokau, na sikushika neno moja. Mimi ndiye nimemuua.

Dada yako,
Mbula

*

Kitui, 24 Aprili 2025

Dada,

Natumaini umeamka salama, ingawa sistahili kuuliza. Pale Makindu niliondoka bila kukuaga, na najua uliningoja mlangoni.

Barua yako ilinifikia siku tano kabla ya mkutano. Nilijua mahali pa kuangalia. Niliogopa, sikuangalia. Nikasimama nikasema rekodi zimehama salama, mkapiga makofi. Ndipo Hamisi, yule wa Mwingi, akainuka: "Zote kabisa? Hakuna zilizokataa?" Nikamjibu, "Chache tu, si za kusumbua." Watu wakacheka. Nilikuona nawe ukicheka, kwa sababu wao walicheka.

Jumatatu iliyofuata nilifungua orodha ya waliokataliwa. Ni watu sitini na watatu. Mfumo mpya unakataa mtu asiye na tarehe kamili ya kuzaliwa, na hawa ni wazee ambao kitambulisho chao kina mwaka peke yake. Shemeji ni wa kumi na saba. Chini ya jina lake imeandikwa: penisilini, asidungwe. Orodha hiyo niliiona Desemba. Nilikuwa na haraka, nikaiweka kando, nikasahau.

Lile neno ulilolikosa lilikuwa kwangu. Si wewe uliyemuua.

Wakubwa wangu wanataka ninyamaze. Lakini Agosti tuna mkutano mwingine mdogo, wa hapa Kitui tu, na nataka kusimama niseme yote. Utaniruhusu kumtaja?

Syokau

*

Mbumbuni, 2 Juni 2025

Syokau,

Huku tuko. Mvua imekuwa kidogo.

Siku niliyosoma barua yako nililala kama mtoto, kwa sababu si mimi. Asubuhi nikakumbuka ni wewe.

Jina lake usilitaje. Hao wenzako watakusikiliza, watasikitika, halafu wataenda kula. Na wale sitini na wawili, nani amewaambia? Kuna mmoja wao anakohoa leo. Chukua hiyo orodha uende kwao, mmoja mmoja. Hapa kwangu usije kwanza.

Dada yako,
Mbula

*

Kambu, 30 Agosti 2025

Dada Mbula,

Hujambo? Na watoto? Mimi nina afya. Kazi walinisimamisha, na mkutano wa Kitui nilimwachia Hamisi.

Nimefikia watu arobaini na wanne. Karibu wote hunipa chai kabla sijasema kilichonileta. Nawaandikia dawa zao kwa karatasi, wanaweka ndani ya Biblia. Watatu nimekuta wamezikwa. Wawili ni uzee. Wa tatu ni wa hapa Kambu, na alidungwa sindano Mei.

Kufikia Mei nilikuwa nimeshaiona orodha, dada. Nilikuwa nakungoja unijibu.

Mke wake anauza vitunguu kando ya barabara. Nilimweleza tumesimama, magari yanapita, hata sikujua kama ananisikia. Akaendelea kupanga vitunguu vyake. Kisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia, nami sikujua kama nimshike au nisimshike.

Mwishowe akaniuliza, "Na wewe, ni kliniki imekutuma?"

Nikamwambia hapana. Nimetumwa na dada yangu.

Wamebaki kumi na wanane.

Mdogo wako,
Syokau