Niliita Wageni Kabla Ciru Hajapita

Ijumaa, wiki ya pili ya Julai. Mukurwe-ini imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, mlima hauonekani, na hema la kijani limesimama hapa kwa boma yangu. Mimi mwenyewe sisikii baridi. Niko na furaha ya kupita kiasi na leo sitaificha.

Binti yangu amepita.

Wacha niandike vizuri. Wanjiru, kifungua mimba wangu, ambaye sote tunamwita Ciru, jana alitetea kitabu chake cha digrii ya pili mbele ya maprofesa pale chuo kikuu. Amemaliza miaka miwili akichunguza jeni moja ya binadamu, na protini inayotengenezwa na hiyo jeni. Inaitwa BCL-2. Sisi Wakikuyu mtoto anapewa jina la nyanya yake. Hii ilipewa herufi na namba kama gari. Lakini kazi yake naijua. Kila seli mwilini iko na amri ya kufa ikizeeka au ikiharibika, na hii protini ndiyo huizuia isife. Mimi niliyeacha shule darasa la nane nimeandika hiyo sentensi bila kuuliza mtu.

Sasa kosa langu.

Wiki tatu zilizopita, kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, jirani yangu Mama Kariuki aliuliza mbele ya wote kama ni kweli Ciru anasomea kifo. Ati msichana wa miaka ishirini na saba, badala ya kutuletea wajukuu anatuletea matanga. Wakacheka. Nami mdomo ukanitangulia. Nikasema Ciru ameshapita, na wote wamealikwa kwangu kwa sherehe ya shukrani, Jumamosi ya kesho.

Hakuwa amepita. Hata mtihani wenyewe hakuwa ameuona.

Baba Ciru aliponisikia nikiagiza mchele kutoka Wang'uru aliweka kikombe chini, akaniuliza kama Ciru anajua. Ciru mwenyewe sikumwambia. Alikuwa amekuja nyumbani kujiandaa, na kila siku alinifuata shambani tukiondoa vichipukizi kwa kahawa, akinieleza kazi yake nami nikimkatiza. Siku moja nilimuuliza: kama hiyo protini inazuia seli isife, si basi ni nzuri? Akasema iko na uzuri wake, hata seli za ubongo zinaihitaji. Lakini ikizidi, zile seli zilizoharibika nazo hukataa kwenda, zinajazana, na saratani inaweza kuanzia hapo. Nikamwonyesha shina lililokuwa mbele yetu. Nikamwambia vichipukizi vyote ni vya kijani na vyote vinataka kuishi, lakini ukiviacha vyote utavuna majani.

Nilidhani hata hakunisikia.

Jana nilikaa nyuma ya chumba na kitambaa changu cha Jumapili kichwani. Walizungumza Kiingereza cha mbio, nikawa nashika neno hapa na pale. Ciru alienda vizuri mpaka profesa mmoja mzee akavua miwani, akauliza kitu kifupi. Niliona mkono wa mtoto wangu ukitafuta meza.

Nikawaza wale wageni wote. Nikaomba Mungu, na hapa nakiri: sikuanza kwa kumwombea Ciru. Nilianza kwa kuomba Mama Kariuki apate mafua.

Halafu Ciru akaanza kuongea, polepole. Nikasikia "mama yangu". Nikasikia "kahawa". Watu wote wakageuka kuniangalia. Kumbe, Ciru alinieleza baadaye, profesa alikuwa ameuliza swali langu lile lile, eti kuna ubaya gani seli ikiendelea kuishi? Ciru akamjibu kwa shamba letu, halafu akaongeza la kwake: kwenye kahawa mama ndiye hushika mkasi, lakini mwilini seli hujikata yenyewe, na BCL-2 ndiyo hushika ule mkono usikate. Profesa alicheka, akavaa miwani, akaandika.

Tukaambiwa amepita na masahihisho. Nilidhani hilo neno ni kuanguka, mpaka Ciru akanieleza ni mambo madogo ya kurekebisha, na karibu kila mtu hupewa.

Leo mchana hema likaletwa. Ciru akatoka jikoni, akaliangalia, akaniangalia. Nikamwambia yote. Akakaa juu ya gunia la viazi.

"Na kama ningeanguka, Mami?"

"Watu wangekuja tu," nikamwambia. "Wangekula. Na wewe ungekaa pale mbele na nguo yako mpya, na mimi ningesimama niwaambie huyu ni wangu."

Alilia kidogo, akacheka, akaniuliza visu viko wapi. Tumemenya viazi mpaka saa kumi na mbili, tukiwa wawili, na sikumbuki kazi ya jikoni ikiwa tamu hivyo.

Kesho nitasimama mbele ya akina mama wa kanisa, Mama Kariuki akiwemo, na nitawaambia kwamba siku ile niliyojigamba nilidanganya. Hilo litachukua sentensi moja.

Halafu nitaanza kumsifu Ciru, na chakula hakitapakuliwa mpaka nimalize; mwenye haraka aje na chake kwa mkono.