Nilipiga Hodi, Hawakuitika

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe. Unaikumbuka njia ya mikorosho, kutoka kwetu Kirongwe hadi Kilindoni, ulipokuwa ukipeleka mikeka sokoni? Ulinitanguliza mbele, mzigo kichwani, kanga umeikaza kiunoni. Kila tukifika penye shamba la mtu ulipaza sauti, "Hodi wenyewe! Napita!" Hatukusogea mpaka mtu aitike, "Pita salama!" Nilichoka, nikakuuliza kwa nini tusimame kuwangoja hata watu tusiowaona. Ukanijibu, "Wajue nimepita hapa. Nisipofika mbele, watanitafuta."

Tangu uondoke, kila mwaka naitembea njia ile peke yangu, kwa ajili yako tu. Watu hunicheka, "Bodaboda zimejaa, wewe unajichosha miguu!" Wacheke. Mle njiani nakusikia.

Mwaka huu mwanamume alitokeza kwenye mikorosho, akanishika mkono. Nikapiga kelele, na unajua kilichonitoka? "Hodi! Hodi wenyewe!" Moshi wa kupikia ulikuwa unafuka shambani, mama. Watu walikuwepo. Hakuna aliyeitika. Nilimpiga usoni kwa mwavuli niliokuwa nao, nikakimbia mpaka kiatu kimoja nikakiacha.

Basi ukaitishwa mkutano. Nikadhani wataniuliza ni nani. Wapi! Mwenyekiti wa kitongoji kasimama, kajikohoza: "Kuanzia leo mwanamke asipite njia ile bila mwanamume." Nikamtaja mtu mwenyewe kwa jina, wote wanamjua. Wakaguna, "Kijana wa watu, tusimharibie maisha." Ati! Yeye anapita pale asubuhi na jioni, halafu niliyekatazwa ni mimi! Na huyo mwanamume wa kunisindikiza atoke wapi, kama si miongoni mwao hao hao?

Shoga yako Bi Zuhura akainuka. "Mama yake tulimwitikia miaka yote. Siku ile nani alikuwa shambani?"

Jirani yetu mmoja akasema, macho chini, "Nilimsikia. Nikajua ni mtu na mumewe wanagombana."

Kumbe! Kwa hiyo angekuwa mume wangu, angeniua tu, nao wanaendelea kupika? Nilitoka pale bila kuaga. Jina la yule aliyenishika nimelipeleka polisi siku hiyo hiyo, na wanaotaka kuninunia waninunie.

Kesho asubuhi naingia njia ile tena, peke yangu. Bi Zuhura kaapa atakaa ukingoni mwa shamba lake aniitikie, na amepita nyumba hadi nyumba kuwaambia wenzake. Sijui wangapi watamsikiliza. Mimi nitasimama kila shamba, nipige hodi mpaka nijibiwe, hata nikishinda hapo.

Wewe huwezi kuniitikia tena, mama, nami sikulaumu. Wao wana pumzi.

Pumzika kwa amani. Napita.

Binti yako