Moshi wa Tanuri Tupu

Kahendero, ziwani

Mama yangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kunyamaza hivi. Tangu ulipomtuma kaka Bwambale na maneno yako, karatasi nilikuwa nayo, kalamu nilikuwa nayo, jibu ndilo lilikuwa halijaiva. Simu ililowa siku ya tufani na haijaamka mpaka leo, kwa hiyo barua hii naiweka kwenye kikapu cha Mama Kavira, jirani yangu yule Mkongomani wa Butembo, anayekuja huko Bwera kuuza dagaa wa zamani, waliobaki tangu kabla ziwa kufungwa. Mpe chai, atakueleza mengine kwa mdomo. Ila ujue yeye huongeza chumvi.

Huko hamjambo? Mguu wako unakubali kupanda mlima? Kahawa mmeshaianika, ama mvua inawasumbua kama sisi? Mjukuu wako Masika anakimbia na kukohoa, anakohoa na kukimbia. Muhindo ametoa meno ya chini na ananing'ata nayo kama mtu niliyemkosea. Mimi nimechoka, Mama, sitakudanganya, lakini nimechoka nikiwa nimesimama.

Upepo ulitoka upande wa ziwa mchana mweupe. Ulibeba mabati yetu ukayatupa kwenye mafunjo, kuta zikafuata, mitumbwi ikarundikana mwaloni, pale inapoegeshwa, kama kuni. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini tanuri langu la udongo la kukaushia samaki liliyeyuka kwa mvua kama sukari. Na kabla hatujafuta macho, ziwa likafungwa kama kila mwaka, ili samaki wazae. Wanaume wametawanyika kutafuta kazi. Baba Masika yuko Katwe anachota chumvi, na chumvi inamla miguu. Mwalo umebaki wa wanawake, watoto, na viboko wanaokuja kula nyasi mpaka pale palipokuwa jiko langu. Tunalala kwa Mama Kavira, wote chumba kimoja.

Sasa wewe unasema nirudi, kaka atakuja na pikapu anichukue mimi na watoto. Mama, kuna jambo watu wa mlimani hamlijui. Hapa mwanamke hana karatasi ya kiwanja. Tanuri ndilo karatasi. Siku ziwa linapofunguliwa, mwenyekiti wa mwalo hupita akiangalia. Tanuri atakalolikuta limesimama, pale ni pa mwenyewe. Asipolikuta, anapewa mwingine, na hao wengine wako, wanapaangalia pangu kama paka anavyoangalia sufuria. Nikipapoteza, nitakuwa mtu wa kubeba samaki wa wenzangu kichwani mpaka nizeeke.

Kwa hiyo nimejenga. Udongo wa kichuguu nimeukanyaga kwa miguu yangu, Muhindo mgongoni. Na tanuri jipya, kwa unyevu huu wa ziwa, haliachwi likauke lenyewe. Huwashiwa moto mdogo ndani, tupu, tangu asubuhi mpaka jua lizame. Moto ukikatika katikati, linapasuka, na udongo wa kuanza tena sina. Kuni za mbugani ni za serikali, hazigusiki, kwa hiyo nilichoma miti ya nyumba yetu iliyoanguka. Usisikitike, ilikuwa na mchwa.

Lakini nani huwasha tanuri ziwa likiwa limefungwa, kama si mwizi wa samaki? Mimi nilifikiria udongo tu, sikufikiria moshi. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Kavira mwenyewe, sahani imefichwa chini ya kitenge.

"Mama Masika, uko na samaki, na mie tunalala nyumba moja, hauniambie?"

"Sina samaki. Nakausha udongo."

"Ni sawa. Basi unipatie mukia ya huo udongo."

Wanawake wengine wakaja na mabeseni, tukawa tunacheka hapo, mara askari wa doria ya ziwa wakatokea. Mkubwa wao hakusalimu.

"Wewe mama, toka hapo. Samaki iko wapi?"

"Hakuna samaki, afande."

"Moshi iko, samaki hakuna? Unaniona mimi mjinga?"

"Angalia ndani, afande."

Akachungulia, akakohoa, akachokoa kwa fimbo, akatoa viazi ambavyo Masika alikuwa amevifukia kwenye jivu. Wanawake wakaangua kicheko. Nafikiri bila kicheko kile angekwenda zake. Mtu mwenye bunduki hapendi kuchekwa.

"Zima moto. Mwaga maji. Hiyo amri."

Mama, nililiona tanuri likipasuka kabla halijapasuka. Basi nikakaa chini, pale pale mbele ya mdomo wa tanuri, nikamtoa Muhindo mgongoni nikaanza kumnyonyesha.

"Afande," nikasema, "maji ni yale, ziwa zima. Ukitaka kumwaga, chota. Mkono wangu mimi hautamwaga."

"Na ndoo haiko," Mama Kavira akadakia. "Ilienda na upepo. Labda ukamate upepo kwanza."

Hakuna aliyecheka sasa. Afande akaangalia ziwa, akaangalia matope mpaka ufukweni, akaangalia viatu vyake vilivyopigwa rangi. Kijana aliyekuja naye akageuza uso pembeni. Mwishowe akainama, akaokota kiazi kimoja, akakipuliza jivu.

"Hii inaenda na mimi. Ushahidi."

Akaondoka akila ushahidi. Moto haukukatika. Jua lilipozama nililigonga tanuri kwa kiganja, likalia kama chungu kizuri.

Kwa hiyo jibu langu limeiva: sirudi. Si kwamba sikutaki. Masika akikohoa usiku, mikono ninayoitamani ni yako. Lakini baba alipofariki, na baba wadogo wakakuambia uache shamba la kahawa urudi kwenu, ulichukua jembe ukaenda kupalilia, na mimi nikakufuata nyuma. Hukunifundisha kwa mdomo. Sasa usinilaumu kwa kuwa nilikuwa naangalia.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na bibi, umpigie kelele sikioni asikie kuwa ni mimi. Mdogo wangu Kabugho mwambie asome, vijana watamngoja.

Mwanao,
Biira

Pikapu ya kaka ije, ila ije imejaa na irudi tupu. Aniletee: misumari ya mabati. Turubai, hata lenye kiraka. Waya wa kupangia samaki juu ya moto. Maharage ya mbegu na ya kula, usiyachanganye. Ile dawa yako ya kifua, majani makavu, nitachemsha mwenyewe. Kitenge chako kimoja cha kumbebea Muhindo, hiki kimeungua. Na mlango, wowote mtakaoupata. Vipimo asiniulize. Ukuta nitaujenga kuufuata mlango.