Kofia ya Kwanza ya Mtoto wa Festo

Itetemia, Tabora
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Festo,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla ya kufungua bahasha. Hujambo? Shamila anaendeleaje na ujauzito? Miguu imeacha kuvimba? Baridi ya Njombe tunaisikia redioni tu, tunawahurumia. Sisi wazima, kifua cha mama kimetulia, na mahindi tumeshayaingiza ndani.

Sasa, Festo, nina donge kooni na leo nalitoa.

Ile kompyuta yenye programu ya kuchorea mitindo ya kufuma ulimtumia wifi Veneranda. Sawa, yeye ndiye katibu wa kikundi cha akina mama wenye mashine ya kufumia. Lakini Veneranda! Mke wa kaka Mathias, ambaye tangu aolewe hajamaliza hata soksi moja! Leo anajaza rangi kwenye visanduku, anabonyeza, mashine inakwenda yenyewe na sweta linashuka limenyooka. Watu wanatoka hadi Nzega kuja kumtazama. Mimi niliyefuma tangu usichana napita na kikapu changu cha nyuzi, naulizwa kama nimemwona Veneranda.

Hayo ningeyameza. Ila Jumapili, tukitoka kanisani, aliniambia mbele za watu, "Wifi, Festo kaniomba nimfumie mtoto kofia." Nilicheka kwa meno tu. Tangu lini kwetu kofia ya kwanza ikafumwa na mama mkubwa, na shangazi yupo hai, macho yanaona? Watoto wa Mathias wote niliwafumia mimi. Nimeona wivu, sikufichi.

Kesho yake nikaenda kwenye mashine, Veneranda akiwa sokoni. Binti yake Julieth akanifungulia programu. Kumbe ni rahisi: unaandika ukubwa wa kichwa, unachora pambo lako, basi. Kichwa cha mtoto mchanga nakijua kwa tepu yangu ya ushonaji, inchi kumi na nne. Nikaandika kumi na nne. Sikujua programu inapima kwa sentimita. Kofia ikatoka ya kuvika limao.

Veneranda alirudi akaikuta mkononi mwangu. Hakucheka. Alivuta kiti, akanionyesha pa kubadilisha kipimo, kisha akaniachia nirudie mwenyewe. Angenicheka ningemchukia kwa raha zangu.

Basi, kwenye kifurushi hiki kuna asali, na ile kofia ya limao nimeivisha chupa yake. Chini yake zipo kofia mbili. Ya njano ni ya Veneranda, na ni nzuri, Mungu ananiona nikiandika hivyo. Ya kijani nimeichora mimi, mashine ikafuma. Mtoto akizaliwa mvike ya kijani kwanza, hata kwa nusu saa, umpige picha. Mimi usinitumie. Mtumie Veneranda.

Msalimie sana Shamila na mama mkwe wako. Mama, kaka Mathias na Julieth wanawasalimu. Veneranda naye atakusalimu kwenye simu, kama mlivyozoea ninyi wawili. Mungu amfungulie Shamila kwa wepesi, tumpokee mtoto na mama yake wakiwa salama.

Akupendaye kuliko hao wengine,
Dada yako Dafrosa,
shangazi wa mtoto. Mwingine hana.