Mikono ya Mama mu Kitabu ya Kingereza

Mama,

Jambo sana huko Kabalo. Mugongo iko namna gani? Papa naye, anaendelea kunywa dawa yake ama anaificha tena? Mado, mudogo wangu, wewe mwenye kumusomea Mama barua hii, soma pole pole, usiruke hata fasi moja, hata yenye italeta haya.

Mie niko muzima hapa Lubumbashi. Sasa ninalala Bel-Air, lakini kazi ni ile ile, ku imprimerie ya Kamalondo, kwenye tunachapisha bitabu. Mwaka huu tulipata kitabu ya Kingereza ya batoto ba primaire. Patron, mukubwa wa kazi, akaniambia: "Chora chakula ya kwetu, batoto bajione mu kitabu." Mama, nilifurahi! Nilikuchora wewe, umevaa kikwembe yako ya manjano, sahani ya bukari ya unga ya muhindi mbele yako, na Mado amepiga magoti anakunawisha mikono na kopo ya mayi.

Patron akaangalia, akasema page haina fasi: ondoa mutoto na mayi. Nikaondoa, ukabakia wewe tu, unakula bukari na mikono. Sikubisha hata kidogo, niliogopa kupoteza kazi. Pembeni yako akatia famille moja ya bazungu ku meza, na uma na visu. Chini akaandika ulizo: nani iko safi, nani iko muchafu?

Eh, Mama! Wewe mwenye ulikuwa unatufukuza ku bukari na mwiko sababu ya kidole moja yenye haikunawa!

Juzi balinialika mu kalasi ya masomo moja ya primaire, batoto baone muntu mwenye alichora. Mwalimu akauliza ile ulizo. Kalasi yote ikanyoosha vidole kwako, bakapiga kelele kwa Kingereza ati wewe ndiye muchafu, bakacheka. Kamutoto kamoja ka mbele kakaniuliza: "Monsieur, huyu mama ni nani?" Nikajibu: "Simujue. Ni muntu tu."

Ni mimi nilisema vile, Mama, na kinywa yangu. Nilirudia kwa patron, nikamuomba tubadilishe page. Alisema nimechelewa, bitabu bilisha kupanda treni, bingine binakuja huko kwenu, ku masomo ya Mado. Nilitaka usikie kwangu kwanza. Unisamehe. Ama ukasirike kwanza, uko na haki.

Unisalimie Papa, na mama mudogo mwenye kuuzisha samaki ku gare ya treni, na yaya, kaka yetu mukubwa fundi wa baiskeli, umwambie aache kunicheka ati nimekuwa mukubwa wa muji.

Mado, sasa ninasema na wewe. Siku mwalimu wenu atafungua ile page, benzako bote batanyoosha vidole. Wewe usinyooshe. Simama mbele yao, useme: "Huyu ni mama yangu." Mie mukubwa wako, nilishindwa.

Mutoto wako mwenye haya,
Ilunga