Hesabu Jikoni kwa Taprandich

Jumatatu, 8 Mei 1972

Itangazwe kote Bureti, kuanzia Roret hadi Kapkatet, kwamba kiatu changu cha kushoto kimeaga dunia. Kimefia matopeni karibu na lango la shule, baada ya utumishi mrefu na mwaminifu. Cha kulia kimebaki mjane. Nimefundisha siku nzima na gambuti zangu za mpira, za kuchumia chai. Kidato cha Nne wamecheka chinichini, kwa adabu.

Kwa sababu ya msiba huo nikachelewa mkutano wa walimu. Jambo jipya: kila mwalimu awe mlezi wa mwanafunzi mmoja anayeyumba, amfundishe pembeni. Nilipofika, wenzangu walikuwa wamekwisha kuchagua, kama watu walio kwenye soko la mbuzi. Amebaki mmoja. Chepkirui, binti wa mchuma chai wa kambini. Hesabu sufuri.

Hedimasta, Bwana Koskei, ametoa onyo. Atakayeanguka jaribio la Hesabu mwisho wa mwezi haandikishwi mtihani wa serikali. Hataki jina la shule lichafuke.

Na Hesabu anafundisha nani? Mimi. Basi mbuzi aliyekonda amepewa mchungaji aliyemkondesha.

Jumatano, 10 Mei

Nimekaa na Chepkirui asubuhi, kabla ya kengele. Nikamweleza milinganyo mara moja. Akafanya yote. Nikampa mingine, migumu. Akafanya, akaanza kutazama nje.

Nikamuuliza mbona darasani haandiki kitu. Akainama, akachezea kalamu. Mwishowe: "Mwalimu, ile saa ya mvua mimi naona mdomo yako tu. Sauti hakuna. Siku ya kwanza nilifikiri unatuombea."

Sikucheka. Baadaye nilicheka, lakini kwa uchungu.

Kipindi changu ni saa nane. Mvua ya huku nayo inaripoti kazini saa nane. Juu yetu kuna mabati mapya, fahari ya wazazi. Mimi ninapiga kelele hadi mishipa inasimama, kisha nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nani atamwambia mwalimu hapana? Huko ni kukosa adabu. Wavulana wa mbele wanaokota makombo. Wasichana, walioketi nyuma, hawapati hata hayo.

Tangu Januari nimekuwa nikiifundisha mvua. Mvua sasa inajua Hesabu.

Alhamisi, 11 Mei

Nimemwomba hedimasta tubadilishane. Yeye ana Historia saa mbili asubuhi, na sauti yake ni kubwa kuliko yangu. Amekataa. Anasema Historia ni asubuhi tangu shule ianzishwe. Kwamba mabati yale ni jasho la wazazi, na mimi nayatukana. Kwamba mwalimu anayevaa gambuti darasani asimfundishe mtu mpangilio.

Hilo la gambuti limeniuma. Ni kweli, ndiyo maana.

Nina hasira. Nimekula ugali wa watu wawili.

Jumanne, 16 Mei

Kuna jengo moja tu hapa lenye paa la nyasi: jikoni. Mvua ikinyesha juu yake unasikia hata maharagwe yakichemka. Nimemwendea mpishi wetu, Taprandich, mama mwenye mikono kama ya seremala. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye gambuti.

"Kaa huko nyuma ya kuni. Lakini mwiko yangu usiguse. Na hao watoto wasinipige chafya kwa sufuria."

Saa nane mvua ikafika. Nikamwambia Chepkirui abebe benchi. Waliofuata ni darasa zima, na mabenchi yao. Moshi machoni, makaa badala ya chaki, mlango ndio ubao. Nilizungumza kwa sauti ya kawaida. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Nilipouliza kama wameelewa, Chepkirui akasema, "Hapana, mwalimu." Wenzake wakashtuka. Nusura nimkumbatie.

Ijumaa, 19 Mei

Hedimasta ametukuta. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, palepale penye milinganyo, koti lake likapakwa masizi. Amesema jikoni si darasa. Nikamwambia hata darasa si darasa saa nane. Taprandich akamwambia aingie au atoke, moshi wake unatoroka.

Amepiga marufuku. Nimesema nimesikia. Sikusema nitatii.

Jumatatu, 22 Mei

Tumefundishana jikoni tena.

Jumanne, 23 Mei

Na tena.

Nimeitwa mbele ya kamati ya shule, keshokutwa saa saba. Mashtaka: ukaidi, na kuaibisha mabati. Chepkirui ameitwa pia, kwa kuwa mlango umeandikwa kwa mkono wake. Hedimasta amesema jina lake halitakwenda popote, jaribio au si jaribio.

Mke wangu amesikia kabla sijavua koti. "Baba Kemunto, nyumba hii ni ya shule. Ukifukuzwa, unatupeleka wapi? Kisii, kwa shamba la ndugu yako? Omba msamaha, uje ule." Hana makosa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 25 Mei

Kamati imekaa. Hesabu imehamishiwa asubuhi. Jina la Chepkirui halijafutwa. Akipita jaribio, anaandikishwa. Nimelowa hadi soksi. Nalala.

Ijumaa, 26 Mei

Jaribio limefanywa saa mbili asubuhi, mawinguni hakuna kitu. Nimesahihisha mwenyewe. Mwalimu wa Jiografia akasahihisha tena, ili isisemwe nimempendelea. Chepkirui amepita. Si kwa kishindo. Amepita. Jina lake limeandikwa, nimelisubiri hadi wino ukakauka.

Chumba cha walimu kinanipongeza. Wanasema niliupangia mkutano mvua, nikawasimamia wazee kama simba. Nimetabasamu tu. Mtu akiitwa simba mara moja maishani, hakimbilii kusahihisha.

Jumapili, 28 Mei

Tumerudi kutoka kanisani. Watoto wamelala. Hapa naweza kusema ilivyokuwa.

Mkutano ulikuwa wa saa saba. Sikupanga chochote. Wazee walichelewa kwa sababu ya kupeleka majani ya chai kituoni, tukaanza karibu na saa nane. Mwenyekiti, Mzee arap Bii, akaomba. Hedimasta akasimama kunishtaki. Hapo ndipo mvua ilipofika.

Aliendelea kusema. Tuliona mdomo. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, ndiyo, ndiyo, kama darasa langu. Akakaa. Zamu yangu.

Nilisimama, nikainamisha kichwa, nikaomba msamaha. Wote. Kwa mabati, kwa jikoni, kwa gambuti. Niliahidi sitarudia. Nilisema kwa sauti ya juu, maana nilitaka yaishe niende kula. Hakuna aliyesikia. Wazee wakatikisa vichwa.

Chepkirui alikuwa ameketi nyuma. Akanyanyuka, akalibeba benchi lake begani, akatoka nalo mvuani mbele ya kamati nzima. Hakuomba ruhusa, angeombaje? Mzee arap Bii akamtazama, akatazama mabati, akachukua kofia yake, akamfuata. Sisi wengine tukamfuata mzee.

Jikoni Taprandich akatusogezea kuni. Kimya kizuri. Mzee akapangusa uso, akamgeukia hedimasta.

"Sasa. Kule ulikuwa unasema nini?"

Hedimasta akafungua mdomo, akatazama paa la nyasi, akatazama mlango wenye milinganyo. Akasema halikuwa jambo kubwa.

"Na wewe, mwalimu? Wewe pia ulikuwa unasema kitu."

Chepkirui alikuwa ananiangalia. Uso wote unatiririka maji, benchi bado begani. Nikafikiria nyumba. Nikamfikiria mke wangu.

"Nilikuwa nasema, mzee, kwamba Hesabu iwe asubuhi."

Mke wangu nimemwambia yote leo, baada ya chakula. Alikusanya sahani. Kisha akasema, basi, walau uliomba.

Niliomba. Msamaha wenyewe umebaki kulekule chini ya mabati. Siendi kuuchukua.